Mtungi wa Naeema Darasani

Bi Habiba hakai. Ukipita mtaani Nyalenda kwa kibanda chake cha maji asubuhi utamkuta amesimama, mkono kwenye bomba, na ukirudi jioni miguu yako ikiwaka moto yeye bado amesimama vilevile. Kiti kipo. Ni cha plastiki, cha buluu, kimepasuka mgongoni, lakini anayekikalia ni mimi. Nimekikalia miaka mingi mpaka kimechukua umbo langu, na umbo langu, mtaniruhusu niseme, ni zuri.

Kama hunijui, uliza sokoni Kibuye. Uliza Irungu wa viatu. Nilitoka Murang'a kijana, na gunia moja la mitumba mgongoni, na leo hakuna mguu wa maana mjini Kisumu ambao sijauvisha. Dholuo, lugha ya Wajaluo, naongea mpaka wenye Dholuo wananiambia, pole pole, Mzee, hatukufuati. Shule niliishia darasa la sita, lakini hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukijumlisha vizuri mimi ni mtu wa la saba.

Ila leo nataka kuwaambia habari za Bi Habiba, na ule mwezi wa Januari shule zilipofunguliwa baada ya korona kutufungia karibu mwaka mzima.

Kwanza mjue foleni ya maji inavyokwenda kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwa Bi Habiba anayepanga foleni ni mtungi. Mtu hapangi. Unaleta mtungi wako, unauweka nyuma ya ule wa mwisho, unakwenda zako kuosha vyombo, kupiga domo, hata kusali. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anausukuma wa kwako mbele kwa mguu. Hakuna anayeuruka. Nyalenda mtu anaweza kukuibia kuku, anaweza kukuibia bibi akiwa amechoka nawe, lakini wa kuiba nafasi ya mtungi wako kwenye foleni, huyo hajazaliwa. Na akizaliwa, Bi Habiba yupo.

Hata mtungi wa nyumbani kwake unapanga foleni kama wa watu wengine. Ni wa njano, mdogo, wa lita tano, umefungwa kitambaa chekundu cha leso kwenye mkono wake. Huo ni wa Naeema, mjukuu wake. Mama yake Naeema yuko Muhoroni, anapikia wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, kwa hiyo mtoto analelewa na nyanya.

Na kifua cha mtoto ndicho kisa. Mume wa Bi Habiba, marehemu Shakir, ndiye aliyevuta bomba lile kwa mikono yake, na alikuwa na pumu. Zamani hizo, korona haijasikika hata kwenye redio, kifua kilimbana asubuhi moja akifunga koki, na gari halikupatikana kwa wakati. Alikata roho hapo hapo kibandani. Kile kifua chake akakirithi Naeema. Mtoto ana macho ya mama, midomo ya nyanya, na kifua cha babu.

Basi korona ilipoingia na shule zikafungwa, Bi Habiba alimweka mtoto nyuma ya waya wa kibanda na hakumtoa tena. Wenzake walizurura, walivua vijisamaki kwenye maji ya mafuriko mwaka ule ziwa lilipopanda, walikua wakapita suruali zao. Naeema alikuwa ndani ya waya, huku na huku, huku na huku. Ukimtazama sana unaanza wewe kuchoka. Akatufundisha alfabeti yote sisi wateja. Mimi nilijifanya sijui ili apate kazi.

Wale wa gredi ya nne na wa darasa la nane walitangulia Oktoba. Halafu ikatangazwa kwamba Januari wote warudi. Wazazi walishangilia kama tumeshinda mpira. Bi Habiba hakushangilia. Akaanza kufungua koki na kuifunga, kufungua na kufunga, bila mtungi chini.

Siku chache kabla ya kufungua, Mwalimu Valerie akaja. Huyu alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba, maski ya maua usoni, viatu vimejaa vumbi. Nilivitazama nikamhurumia. Havikuwa vya kwangu.

"Hodi hapa, Mama."

"Karibu, Madam. Maji ama maneno?"

"Maneno. Jumatatu tunafungua, lakini Ijumaa tunawaita nyinyi wazazi. Mje wenyewe mfanye vile watoto watafanya. Mpange laini, muoshe mikono, mpimwe joto, mkae darasani. Ndio ukimtuma mtoto ujue unamtuma wapi. Na kila mzazi abebe maji kidogo, tujaze matangi ya kuosha mikono."

"Vizuri," akasema Bi Habiba. "Mimi simleti."

Naeema akashika waya kwa vidole vyote kumi. "Nyanya, nitavaa maski mbili!"

"Wewe na moja tu unahema kama pampu." Akamgeukia mwalimu. "Darasa lao liko upande gani?"

Mwalimu Valerie akasita. "Upande wa jikoni, Mama."

"Yaani upande wa wale akina mama wa mgongo wazi."

Hapo alikuwa ameshika penyewe. Nyuma ya ukuta wa shule yetu wanawake wanakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishakatwa kiwandani. Ni tamu, msinianze. Lakini moshi wake ukiinuka unaweza kuficha nyumba.

"Tumeongea nao," akasema mwalimu.

"Na moshi mmeongea nao? Umesema aje?"

Mwalimu akacheka kidogo ndani ya maski, cheko la mtu aliyechoka. "Mama, mimi nakuomba uje Ijumaa tu. Uone, halafu uamue."

Nikaona zamu yangu imefika. Nikasimama kutoka kwenye kiti, jambo ambalo silifanyi ovyo. "Madam, nenda nyumbani ulale usingizi. Ijumaa Bi Habiba yuko hapo, mstari wa mbele. Nimesema mimi."

"Wewe nani?" akauliza Bi Habiba.

"Mimi Irungu."

"Irungu ni mtu wa kusemea watu?"

Sikukata tamaa. Nilimchokoza kuanzia hapo mpaka Alhamisi. Nilimwambia anaogopa ile bunduki ya kupima joto. Nikamwambia watu wanasema mama wa maji anaogopa kuoshwa mikono. Nikamwambia Shiro, kitinda mimba wangu aliye darasa moja na Naeema, atasoma mpaka awe daktari, na Naeema atakuja kumfungulia geti. Hapo akanirushia maji ya bomba, ya kutosha kabisa.

"Nitakuja," akasema huku mimi nakamua shati. "Lakini usidhani ni kwa sababu ya mdomo wako, Bwana Viatu. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiona vibaya, usinitajie tena hiyo shule."

Ijumaa ikafika. Tulikuta kiwanja kimechorwa miduara ya chokaa, mmoja mmoja, mbalimbali, mizuri kama sahani. Kila mzazi akaambiwa aingie kwenye mduara wake na mtungi wake angoje kuitwa. Tukaingia. Mwalimu Valerie na bawabu wakaenda ofisini kutafuta betri ya ile bunduki, na betri ikakataa kuonekana.

Sasa jua la Kisumu mwalijua? Lile la Januari? Linakushika utosini kama mkono wa askari. Tulisimama, tukasimama. Mtu wa kwanza kuuacha mtungi wake ndani ya mduara na kwenda kivulini alikuwa Obonyo, yule jirani yangu wa bodaboda mwenye mapacha. Obonyo anasema ni mimi. Tusigombane. Aliyekuwa wa pili alimfuata wa kwanza, na wa tatu akawafuata wote wawili, kwa sababu kwetu jambo hilo halina ajabu. Mtungi umeshika nafasi, mtu atafute kivuli. Hakuna aliyefikiri. Miguu ilikwenda yenyewe.

Mwalimu Valerie alipotoka na bunduki yake alikuta mitungi imejipanga kiwanjani, kila mmoja katika mduara wake, imetengana vizuri, kimya, haigusani. Na wazazi? Tumejibana kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, bega kwa bega, maski kidevuni, tunapeana habari za mwaka mzima. Kama korona ingekuwa inashika plastiki, shule yetu ingetolewa mfano nchi nzima.

Mwalimu akasimama. Akatazama mitungi, akatutazama sisi, akatazama bunduki.

"Madam, pima tu!" Obonyo akapaza sauti. "Ule wa kijani ni wangu. Jana ulishinda na homa!"

Mungu wangu, tulicheka. Mimi nilicheka mpaka mate yakaniingia njia mbaya nikaanza kukohoa, na hapo ndipo ungeona maajabu. Watu waliokuwa wamenilalia mabegani wakaruka kama mimi ni nyoka. Mama mmoja akaangusha kiatu. Tukazidi kucheka.

Halafu cheko likapungua, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu tulimwona Bi Habiba.

Yeye hakuwa ametoka. Alikuwa katikati ya kiwanja, peke yake miongoni mwa mitungi, ndani ya mduara wake, juani, maski imemkaza usoni, mtungi mdogo wa njano katikati ya miguu yake.

"Baba Shiro," akaniita.

"Naam, Bi Habiba."

"Hii ndiyo shule uliyoniambia nilete Naeema?"

Kivuli kizima kikanigeukia. Nikaivuta maski yangu kutoka kidevuni mpaka karibu na macho.

"Kwangu," akasema, "mtungi unapanga laini kwa sababu mtungi ndio unataka maji. Hapa mtungi ndio unakuja kusoma?"

"Mama, tafadhali," Mwalimu Valerie akaanza, "hii ndio maana tumewaita mapema, tuone makosa yetu kabla..."

"Nimeyaona." Akausukuma ule mtungi kidogo kwa mguu, ukakaa sawa katikati ya mduara. "Basi kama hapa mitungi ndiyo inasoma, wa Naeema ni huo. Umeshika nafasi yake. Mwenyewe atakuja siku nitakayoridhika. Na msiuguse."

Akaondoka. Hakutembea haraka wala polepole. Alitembea kama mtu aliyeacha koki wazi nyumbani.

Mwalimu Valerie hakutugombeza. Alitoa sauti moja tu. "Rudini juani." Tukarudi. Akatupanga upya kama watoto wa nasari, akatupima mmoja mmoja, akatuosha mikono mpaka viwiko, akatukalisha kila mtu na dawati lake. Hakuna aliyefanya mzaha. Alipomaliza akasema, "Watoto wenu hawatafanya ninachosema mimi. Watafanya mnachofanya nyinyi." Nikaangalia chini. Viatu vyangu siku hiyo vilikuwa safi, lakini havikunisaidia.

Jumatatu nikampeleka Shiro mwenyewe. Ule mtungi ulikuwa palepale kwenye mduara, kitambaa chekundu kimeshikwa na umande. Watoto wakaingia kwenye miduara, na Shiro akajikuta nyuma ya mtungi. Nikasimama getini nione.

Foleni ilipoanza kusogea, mtoto wangu hakufikiri hata kidogo. Akausukuma kwa mguu mbele, mduara mmoja. Akasonga. Akausukuma tena. Mpaka ukafika kwenye tangi la kunawia, na hapo Mwalimu Valerie akainama auondoe njiani.

"Madam! Huo una mwenyewe!" watoto wakapiga kelele. Watoto wote wa laini. Hao ni watoto wa Nyalenda, wamezaliwa kwenye foleni ya maji.

Mwalimu akabaki ameinama. Kisha akauinua, akaupeleka darasani, akauweka juu ya dawati la peke yake, karibu na dirisha linalotazama ziwa, mbali kabisa na jikoni. Jioni watoto wakaurudisha kwenye mduara. Kesho yake vivyo hivyo.

Mimi nikakimbia kwa Bi Habiba na habari. Nilikimbia kweli, na umri huu.

"Mtungi wako umeingia darasani!"

"Wewe uliwahi kuniambia ulimvisha waziri kiatu."

"Hicho kiatu ni kweli! Na hili ni kweli zaidi!"

Hakuniamini, lakini hakutulia tena. Wiki ile wote hatukutulia. Magari ya wagonjwa yalikuwa yakilia barabarani na kila yakilia tuliyahesabu. Redio ilisema hivi asubuhi, jioni ikasema vile. Bi Habiba, mtu ambaye hajawahi kumwaga hata kikombe, alijaza mtungi wa mtu mpaka maji yakafurika yakafika miguuni pangu, naye anatazama upande wa shule. Akienda mpaka kona anarudi. Anarudi, anakwenda tena. Nikamwambia akae kidogo kwenye kiti changu, akaniuliza kama nina wazimu.

Na Naeema ndani ya waya, amevaa sweta ya shule katika joto lile na hataki kuivua. Shiro akipita kutoka shule wanaongea.

"Umekaa karibu na nani?"

"Na mtungi wako."

"Umefanya nini leo?"

"Tumefanya hesabu."

"Mtungi wangu umejibu?"

"Umenyamaza. Madam anasema ndio mwenye nidhamu kutuzidi sisi wote."

Naeema akamgeukia nyanya yake. Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi. "Nyanya," akasema, "mtungi wangu uko gredi ya tatu na mimi niko hapa nachota."

Alhamisi asubuhi Bi Habiba akafunga koki. Foleni ilikuwa ndefu, watu wakaguna. Akavua kitambaa kichwani, akakifunga upya, akaniambia, "Shika bomba."

"Mimi?"

"Umekaa hapo miaka yote, leo fanya kazi. Nakwenda kuchukua mtungi wangu."

Nilishika bomba kwa muda wa kutosha mtu kupiga chafya. Kisha nikampa Obonyo aliyekuwa anapita na pikipiki. "Omera, ndugu yangu, shika hapa, usimruke mtu." Akaanza kuuliza, sikumngoja. Nikamfuata Bi Habiba mpaka shuleni. Getini wakamwosha, wakampima, na mimi nyuma yake, na tukafika mlangoni mwa gredi ya tatu.

Watoto walikuwa ndani, kila mmoja na dawati lake, maski juu ya pua. Na pale dirishani mtungi wa njano, peke yake, kama mgeni wa heshima.

"Karibu, Mama," akasema Mwalimu Valerie.

"Nimeujia mtungi wangu."

"Huo hapo."

Bi Habiba akaingia. Akaushika mkono wake wenye kitambaa, lakini hakuuinua. Nilimwona akivuta hewa kwa pua, polepole, akigeuza kichwa kama mtu anayetafuta harufu ya gesi.

"Wale wanaanza kukaanga saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Bado kidogo." Mwalimu akavuta benchi la dawati. "Kaa, Mama. Tungoje pamoja."

Na akakaa! Nisikilizeni vizuri, maana miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona amekaa. Bi Habiba alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani, mtungi mapajani. Shiro akanikodolea macho. Mimi nikabaki mlangoni, sina kiti. Somo likaendelea. Walikuwa wakisoma habari za ndege. Bi Habiba aliinua miguu akaishusha, akayashika mapaja, akatazama dari, lakini hakuinuka.

Moshi ukaja. Kwanza harufu, na tumbo langu likaitikia, siwafichi. Halafu ukaonekana, mwembamba, ukipita juu ya ukuta.

"Upande," akasema Mwalimu Valerie.

Neno moja tu. Watoto wa upande wa jikoni wakafunga madirisha ya mbao, wakashika kila mtu kiti chake, na darasa zima likatoka mstari mmoja mpaka barazani, upande wa ziwani, wakakaa wametengana na kuendelea na ndege wao. Walikuwa wamezoezwa. Ilikuwa haraka kuliko watu wazima wanavyokimbia mvua.

Bi Habiba akabaki ndani peke yake, anavuta hewa. Akatoka akamkabili mwalimu.

"Moshi umeingia."

"Umeingia kidogo, Mama," akasema Mwalimu Valerie. "Siwezi kukudanganya. Dirisha lile lina ufa, na siku ya upepo mbaya utaingia zaidi. Tumeomba lirekebishwe."

Nilidhani mambo yameharibika. Mimi ningemwambia haukuingia hata chembe. Ningeapa. Lakini nikaona mabega ya Bi Habiba yanashuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo ili aushike vizuri.

"Kikimbana, utajuaje?"

"Atakohoa..."

"Hakohoi. Hapo ndipo watu hukosea. Shakir hakukohoa, ndio maana tulidhani anacheza." Akasogea. "Sikiliza."

Akatoa ile sauti. Sijui niiandikeje. Ilitoka chini kabisa kifuani mwake, filimbi nyembamba, kama mlango wa mbali unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Barazani watoto wakaweka vitabu chini. Nami nikakumbuka asubuhi ile ya Shakir, kwa sababu nilikuwepo, nimekaa, na niliisikia sauti hiyo nikadhani ni koki.

"Toa wewe," Bi Habiba akamwambia mwalimu.

Mwalimu Valerie akajaribu.

"Hiyo ni paka. Tena."

Watoto wakacheka, mwalimu akajaribu tena, na safari hii ikawa karibu. Bi Habiba akawageukia watoto. "Na nyinyi. Nyinyi ndio mtakuwa karibu naye." Wakajaribu wote, watoto wengi wenye maski wanapiga filimbi kifuani, na bawabu akaja mbio kutoka getini akidhani kuna msiba. Mimi pia nilijaribu. Ya kwangu ilitoka kama lori la miwa linapanda mlima, na Bi Habiba akaniambia nisirudie.

"Mkisikia hivyo," akawaambia, "mtu asingoje amalize kuandika. Mwiteni Madam." Akafungua fundo la leso yake, akatoa ile dawa ya kuvuta, akamwonyesha mwalimu jinsi ya kuitikisa, jinsi ya kuiweka mdomoni, jinsi ya kungoja kati ya mvuto mmoja na mwingine. Akamfanya arudie mpaka akaridhika. Kisha akachukua mtungi.

"Huu narudi nao," akasema. "Nafasi ibaki."

Kesho yake, Ijumaa, Naeema akatoka nje ya waya. Niliwapeleka mimi, yeye na Shiro, nao walikuwa mbele yangu njia nzima, nikawa natembea kama mzee anayefukuza bata. Bi Habiba hakutuaga. Alikuwa anafungua koki na kuifunga.

Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Aliuweka mtungi wa njano mwisho wa foleni kama kawaida, ukasukumwa mpaka bombani, na ilipofika zamu yake hakuujaza. Akauchukua akaurudisha nyuma. Ukafika tena, akaurudisha tena. Watu wakatazamana, wakaendelea kusukuma yao. Moshi wa mgongo wazi ulipoinuka kule nyuma ya paa, alitoka na kwenda mpaka kona, akarudi, akaniambia, "Baba Shiro, nenda uone." Nikaenda. Nikarudi nikamwambia wako barazani. "Umemwona kwa macho?" Nimemwona. "Apa." Nikaapa. Bado akamtuma Obonyo aende kuhakikisha.

Jioni walipotoka, tuliwaona kutoka mbali kwa sweta. Naeema alikuwa na vumbi mpaka nyusi, maski imelowa jasho.

"Nyanya, mtungi wangu uko wapi?"

"Uko kwenye laini, ngoja zamu yako. Njoo hapa."

Akamgeuza, akapiga magoti kwenye matope, akaweka sikio mgongoni mwake. "Nyamazeni!" akasema, na foleni nzima ikanyamaza, mama mmoja akazima redio. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye koki. Nikajikuta nimesimama.

"Kuna kitu?" nikauliza.

"Kipo kidogo." Akasikiliza tena, muda mrefu, macho yamefumbwa. "Cha kukimbia. Nani alikukimbiza?"

"Shiro."

"Mlikimbia na maski?"

"Ndio."

"Ukashinda?"

"Ndio," akasema Naeema, na Shiro akasema si kweli.

Bi Habiba akanitazama mimi kana kwamba nilikimbia pia. Akainuka, akajifuta magoti, akamkung'uta mtoto vumbi la mabegani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Jumatatu utembee," akamwambia, akafungua koki.